Kaseti Niliyoichukua kwa Utani

Kosa nitakaloliungama hapa lina jina, na ni afadhali nilitaje mapema, msomaji asije akanihurumia kabla ya wakati. Nilimwibia aliyefiwa, kisha nikamlazimisha acheke. Nimekwisha kuwakemea watu wengi kwa makosa madogo kuliko hilo, darasani na barazani, na wengine waliondoka mbele yangu wakilia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba hakimu wao alikuwa na kesi yake mwenyewe, ya miaka mingi, ambayo haijawahi kusomwa.

Likizo iliyopita binti yangu Mwanaidi aliketi sebuleni kwetu hapa Kilosa, kompyuta ikiwa mapajani, akaniuliza swali ambalo kwake lilikuwa dogo. Gemu moja ya zamani ilikuwa imetolewa upya, na ndani yake watengenezaji wameweka kitufe. Ukikibonyeza, unaipata sura ya asili, yenye picha za miraba midogo midogo na muziki mwembamba kama mluzi. Ukikibonyeza tena, unaipata sura mpya, yenye vivuli, ukungu na ngoma nzito.

"Baba, wewe ndiye mzee wa maadili humu ndani," alisema kwa mzaha. "Nianze na ya asili, au na hii iliyotengenezwa upya?"

"Kwani zinatofautiana nini?"

"Mchezo ni ule ule. Hii imepigwa msasa tu."

Nilijibu kwamba ninakwenda kutawadha, ilhali muda wa sala ulikuwa bado. Nilikaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikiusikiliza ule mluzi ukibadilika kuwa ngoma na ngoma ikirudi kuwa mluzi, kadiri mtoto alivyokuwa akilinganisha. Maneno aliyoyasema niliwahi kuyasema mimi, nikiwa na umri mdogo kuliko wake, na niliyemwambia alikuwa amemzika baba yake majuma mawili tu nyuma.

Wakati huo tuliishi Mikumi, upande wa barabara kuu yanakoegeshwa malori. Baba yangu aliziba matairi. Shangazi yangu, dada yake baba, aliuza chai na vitumbua hatua chache kutoka pale. Katikati yao palikuwa na banda la nyama choma la mzee Masanja, Msukuma aliyefika nchi yetu na ng'ombe, kisha akawaachia ndugu zake ng'ombe hao kule Mvumi ya Kilosa na kuja kukaa penye umeme. Alikuwa na mke, na binti mmoja wa rika langu aliyeitwa Kabula. Tena alikuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine pale barabarani aliyekuwa nacho: televisheni ndogo na mashine ya gemu, alizoziweka juu ya meza ya pembeni ili madereva wasichoke kusubiri nyama.

Wa rika langu mtaikumbuka mashine ile. Kaseti yake ilikuwa ya plastiki ngumu, pana kama kiganja, na ilipogoma tuliitoa tukaipuliza, tukaamini kwamba pumzi zetu ndizo zilizoifufua. Mzee Masanja hakuruhusu kupuliza. "Mate yenu yataozesha barabara," alisema, akaifuta kwa pindo la shati lililonukia moshi na mafuta ya mbuzi. Kwa barabara alimaanisha ile iliyokuwa ndani ya gemu, ambamo lori dogo jekundu lilipanda mlima usiokwisha likikwepa mawe yaliyoporomoka. Jina lake halisi liliandikwa kwa herufi za kigeni tusizoweza kuzisoma. Madereva, ambao kesho yake wangepanda mlima wa kweli wakielekea Iringa, waliiita Kitonga.

Ukimaliza kucheza, ilijitokeza orodha ya majina matano ya walioshinda wote, kila jina herufi tatu, na kaseti iliyahifadhi hata umeme ulipokatika. Juu kabisa paliandikwa MAS. Mzee Masanja alicheza adhuhuri, kabla ya malori ya mchana, akiwa amezungushia karatasi kidole gumba ili mafuta yasiguse vitufe, na Kabula akiketi ubavuni pake akimsomea njia: "Jiwe, baba. Kulia. Jiwe jingine. Polepole, kona." Kabula hakuwahi kuandika jina lake. Nilidhani ni kwa sababu hawezi. Sikuelewa kwamba zile herufi tatu zilikuwa za watu wawili.

Jina langu nalo halikuwamo. Nilijaribu mno. Nilishindwa hata kuufikia mstari wa tano, uliokuwa wa dereva mmoja wa Makambako, mtu mpole mwenye tumbo, aliyepita Mikumi kila baada ya majuma machache.

Dereva huyo ndiye aliyeleta kutoka Dar es Salaam kaseti mpya. Ilikuwa Kitonga ile ile, imetengenezwa upya. Mbingu ilikuwa na mawingu yanayotembea, lori liliwasha taa, miti ilikuwa na majani mahali ambapo zamani ilikuwa na vijiti. Siku hiyo nyama iliungua, maana watu wote walihamia mezani.

"Hii ndiyo Kitonga sasa," alisema kijana mmoja wa kushusha mizigo. "Ile nyingine ilikuwa mchoro wa mtoto wa chekechea."

"Nawe unajua nini? Umeshika usukani lini?" dereva wa Makambako alimjibu. "Hii inakimbia mno. Jiwe linatokea ukiwa umeshakufa. Ile ya zamani jiwe unaliona, unajipanga. Ya zamani ina adabu."

"Mzee umezeeka, sema hivyo tu!"

Mzee Masanja alijaribu mara moja, akaiweka pedi ya kuchezea chini taratibu. "Gari lao halina uzito," alisema. "Linapanda kama karatasi." Akairudisha kaseti ya zamani, na dereva akaitia mpya mfukoni, akisema kwamba angekuwa tayari kubadilishana siku yoyote. Mzee Masanja akacheka, akamkatia kipande cha nyama.

Mimi niliitaka ile mpya kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya mawingu. Sasa, mtu mzima niliyesoma vitabu vya kutosha kuijua nafsi yangu, nakiri kwamba mawingu yalikuwa kisingizio. Nilikuwa nimechungulia orodha ya kaseti mpya, nikaikuta tupu: mistari mitano, bila jina. Wengi wetu tunaopenda kipya tunapenda hilo, kwamba hakuna aliyetutangulia mle ndani. Tunaliita maendeleo, na mara nyingi ni wivu ulionawa uso.

Kisha mzee Masanja akaugua. Homa ilimlaza siku nne, na siku ya tano akarudishwa kutoka hospitali akiwa amefunikwa shuka.

Hapa yanipasa kueleza jambo ambalo vijana wa leo wanalisikia kama hadithi. Sisi ni Wasagara. Tumetaniana na Wasukuma tangu mababu zao walipopita kwetu wakiwa na mizigo ya misafara vichwani, na mtani ana kazi yake msibani: huwachekesha waliofiwa, huchukua vitu vya marehemu mbele ya macho yao, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Shangazi ndiye aliyekuwa mkuu wa watani pale barabarani. Jeneza lilipotaka kutoka, alijilaza mlangoni akiwa amevaa kofia ya marehemu nyuma-mbele.

"Hapiti mtu hapa!" alipiga kelele. "Huyu Msukuma aliahidi kunioa kwa ng'ombe mia. Leo anatoroka ndani ya sanduku! Mfungueni anijibu!"

"Mtani, umbo lako hilo la kiroboto, ng'ombe mia wa nini?" alijibu ndugu wa marehemu, macho yake yakiwa mekundu. "Kuku mmoja, tena mgonjwa!"

Mama yake Kabula, ambaye tangu alfajiri hakuwa amefumbua mdomo, alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikageuka kilio. Walimpa shangazi konzi ya chumvi, naye akainuka. Mimi niliona kofia ya marehemu ikiwa kichwani mwa shangazi, nikaona watu wakicheka, nikaelewa kwa akili ya mtoto kwamba siku ya msiba kinachochukuliwa na mtani kinakuwa chake. Sikuiona saa ya kukirudisha. Baada ya maziko shangazi aliivua kofia ile, akaikung'uta vumbi, akaiweka kwa mikono miwili mapajani mwa mjane. Wakati huo mimi nilikuwa bandani.

Niliichomoa kaseti, nikatoka nayo nikiwa nimeinyanyua juu. "Watani!" nilisema kwa sauti niliyoiiga kwa shangazi. "Nachukua hii hadi mje mnikomboe!" Watu walicheka tena. Mmoja akasema, "Kinda la nyoka ni nyoka." Kabula alikuwa amekaa mkekani. Aliniangalia, akaiangalia kaseti, kisha naye akacheka, kwa sababu watu wazima wote walikuwa wakimtazama na hiyo ndiyo heshima aliyofundishwa.

Kicheko hicho nilikichukua kama ruhusa.

Siku tatu baadaye dereva wa Makambako alisimama kwa baba yangu na gurudumu lililopasuka. Nilimngoja ajitenge.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Poleni na msiba. Nimesikia njiani, nimeshindwa hata kula."

"Mjomba, bado unataka kubadilishana kaseti?"

"Wenyewe wamekubali?"

"Wamenipa mimi," nilisema, na nikajiona sijasema uongo.

Kwa muda wa siku kumi nilikuwa mtu wa kwanza. Mashine ilikuwa bado bandani. Mjane hakuwa ameiondoa, na hakuna aliyenizuia kuingia adhuhuri na kucheza. Niliandika herufi tatu za jina langu katika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa tano. Zilikuwa zangu zote. Nakumbuka pia kwamba nilikuwa peke yangu, na kwamba nilipoifikia kona ngumu niligeuka ubavuni nikitarajia mtu aniambie kulia au kushoto.

Kabula alikuja juma la pili, asubuhi, amebeba bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kwao hakuna mgeni asiyepewa.

"Mtani, nimekuja kukomboa," alisema, akapiga goti kidogo kwa kunikejeli. "Nipe barabara ya baba."

Nilimpa kaseti mpya. Aliigeuza mkononi.

"Siyo hii."

"Ndiyo hiyo, ila imetengenezwa upya. Nzuri zaidi. Ina mawingu."

"Ya baba iko wapi?"

"Kabula, mchezo ni ule ule."

Alikwenda nayo bandani. Nilimfuata, nikasimama mlangoni. Hakucheza. Aliendesha lori mpaka jiwe la kwanza, akaliacha ligonge, ili orodha ijitokeze. Akaisoma kwa kidole, mstari hadi mstari, jina langu mara tano. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Baba hayumo."

Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana! Lakini ndugu za baba yake walikuwa nje wakipasua kuni, na mtani hakasirikiwi katika siku arobaini za msiba. Akacheka kicheko kifupi, kikavu. "Wasagara nyie," alisema, "mtakuja kuiba hata kaburi." Akaniachia bakuli, akaondoka.

Shangazi alinikuta nyuma ya karakana ya baba, bakuli likiwa magotini, sijala hata kimoja.

"Michembe ya wapi?"

"Ya Kabula."

"Ya nini?"

"Ya kukomboa."

"Kakomboa nini? Mbona unameza mate kama mwizi wa mboga?"

Nikamwambia yote. Shangazi hakuwa mtu wa hekima za kunong'ona. Alikuwa na mdomo mchafu na mkono mwepesi, na siku hiyo alivitumia vyote viwili. Aliponiachia alikuwa akihema. "Mtani anachukua ili arudishe," alisema. "Asiyerudisha tuna jina lake, na jina hilo halina kabila. Unajua kwa nini yule mtoto amecheka? Kwa sababu sisi tumemfunga mdomo! Mimi nimemfunga, wewe ukapita humo humo ukaiba!"

Arobaini ilikuwa bado siku ishirini na sita, na baada yake mjane angehamia Mvumi kwa shemeji zake. Tangu siku hiyo hapakuwa na lori lililokwenda kusini bila ujumbe. Shangazi aliacha chai yake ichemke hadi ikamwagika, akavuka barabara akiwa na ungo wa vitumbua kiunoni, akapanda vidato vya malori na kuzungumza na madereva dirishani. "Ukimkuta yule mwenye tumbo wa Makambako, mwambie arudi na kaseti ya marehemu. Mwambie ilikuwa ya wizi. Mwambie nitamlisha mwaka mzima." Walimcheka. Wengine walimwambia kwamba mtu mzima kuhangaikia gemu ya watoto ni dalili ya uchizi. Mimi nilimbebea ungo, na nilipoona haya alinipiga kofi la kisogoni.

Dereva aliwasili siku moja kabla ya arobaini. Hakusubiri hata injini izime. "Nimeikuta kwa watoto wa dada yangu," alisema, akimkabidhi shangazi kaseti kwa mikono miwili. "Walikuwa wakiicheza kutwa. Mama, ningejua, nisingeigusa."

Siku ya arobaini palipikwa ubwabwa, na watu wakaketi uwanjani mbele ya banda. Ulipofika wakati wa watani kuaga, mjane aliuliza kwa upole, "Watani, hesabu yenu imetimia? Kuna kaseti moja ya marehemu. Mtoto anaililia usiku." Nilikuwa nimesimama karibu na sufuria, sahani mkononi. Kaseti ilikuwa ndani ya kanga ya shangazi. Alikuwa amenionya asubuhi: wakiuliza, utasema mwenyewe. Nilifungua mdomo. Niliona nyuso. Nikatia tonge mdomoni.

Shangazi alinitazama kwa kitambo kidogo mno, pengine kwa muda wa pumzi moja. Kisha akasimama. "Ninayo mimi," alisema. "Niliipenda, nikamnyang'anya mtoto, nikaificha."

Hakuna aliyecheka. Ndugu wa marehemu, yule aliyemtania kwa kuku mgonjwa, alisema, "Mtani, siku arobaini? Huu si utani tena." Wakamtoza faini ya mtani aliyepitiliza: alichota maji ya kuoshea vyombo vyote vya arobaini, ndoo baada ya ndoo, huku watoto wakimfuata wakiimba jina lake na neno mwizi. Alikuwa mtu mzima, mwenye biashara yake na wateja wake. Baadhi ya wateja hao hawakurudi. Mimi nilimaliza ubwabwa wangu.

Jioni, kabla ya kufungasha mashine, Kabula aliichomeka kaseti. Orodha ilijitokeza. Watoto wa Makambako walikuwa hodari kuliko sisi sote. Mistari minne ya juu ilikuwa yao, majina tusiyoyajua. MAS alikuwa wa tano.

"Yumo," nilisema kwa furaha ya mtu aliyesamehewa. "Cheza, Kabula! Cheza basi, mara moja."

"Nikicheza vizuri," alisema, "atatoka."

Akaizima, akaifunga ndani ya kitambaa, na nadhani hakuicheza tena maishani. Nilimrudishia jina la baba yake nikiwa nimemnyang'anya mchezo waliokuwa wakiucheza pamoja. Kilichokuwa barabara nilikigeuza kaburi, na kaburi halikanyagwi. Mvumi si mbali na hapa ninapoishi. Wanafunzi wangu wanatoka huko. Sijawahi kwenda kumtafuta, na kila mwaka nimekuwa na sababu nzuri.

Mwanaidi aliniuliza ipi ya kuchagua. Nilipotoka uani nilimjibu kwamba achague yoyote, mradi ajue ni nani anayefutwa anapochagua. Alinitazama kama mtu aliyeuliza saa akasomewa hotuba. Alikuwa na haki. Jibu lile lilikuwa la mtu anayefundisha ili asiungame.

Miezi miwili iliyopita tulimzika shangazi hapa Kilosa. Watani walikuja, kama ipasavyo, wengine kutoka Mikumi, wazee sasa. Mmoja wao, bibi wa Kisukuma mwenye fimbo, alisimama mbele ya jeneza akapaza sauti. "Fungeni sanda hiyo vizuri, na mikono yake ikagueni! Huyu alimwibia marehemu wetu kaseti. Semeni huko anakokwenda wafiche vyombo!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi, mwalimu, mzee wa familia, nikiwa mstari wa mbele, nilicheka pamoja nao.

Kwa hiyo naandika. Hakuiba. Aliyeiba ni mimi, na aliyemfanya Kabula acheke ni mimi. Mwanamke aliyepanda vidato vya malori kuitafuta, akabeba maji mbele ya watu kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akila, kisha akaishi na jina la mwizi hadi siku ya kufunikwa udongo bila kunikumbusha hata mara moja, alikuwa Zaituni binti Mohamedi.